Chuma Kilicholala: Mizigo Mizito na Springi za Magari katika Historia ya Biharamulo na Ngara

Historia ya usafirishaji katika wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, imezoea kuandikwa kwa kufuata barabara, mipaka na vivuko, ilhali sehemu yake kubwa inaweza kusomwa katika kipande cha chuma kilicho chini ya gari, kati ya ekseli ya nyuma na chesisi, yaani ile fremu ya chuma inayobeba bodi na injini. Kipande hicho ni springi, na hali inayohusika hapa ni ile ambayo mafundi huieleza kwa kusema kwamba gari limelala nyuma: sehemu ya nyuma inakuwa imeshuka kuliko ya mbele hata baada ya mzigo kuteremshwa, taa za mbele zinamulika juu ya miti, na matairi yanakaribia kugusa bodi kila gari linapoingia shimoni. Kwa miongo mingi dawa ya gari lililolala katika wilaya hizi imekuwa kuongeza chuma, wala si kupunguza mzigo, na jambo hilo halikutokana na ujinga wa mafundi. Limetokana na ukweli kwamba aliyeamua uzito wa mzigo, katika karibu kila kipindi cha historia ya eneo hili, hakuwa yule aliyekuwa na dhamana ya kuubeba.

Kabla ya magari, mzigo ulibebwa na mwili wa binadamu. Nchi ya Usubi, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiita Usui na ambayo leo imegawanyika kati ya Biharamulo na Ngara, ilikaa katika njia ya misafara iliyotoka Kaze, karibu na Tabora ya sasa, kwenda Karagwe na Buganda. John Hanning Speke na James Augustus Grant walipita humo mwaka 1861, wakacheleweshwa na mtawala ambaye Speke aliliandika jina lake kuwa Suwarora, na wakatozwa hongo, yaani ushuru wa njia, uliolipwa kwa vitambaa na nyaya za shaba. Mizigo hiyo ilipimwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16, na mpagazi wa kawaida alibeba karibu frasila mbili kichwani au begani, mbali na chakula na vyombo vyake mwenyewe. Inafaa kukumbuka kwamba kiwango hicho hakikuwekwa na wapagazi peke yao, kwa kuwa kila mtawala aliyedai hongo alikuwa anaongeza au kupunguza idadi ya mizigo ya msafara, na kwa hiyo idadi ya mabega yaliyohitajika kuendelea na safari.

Eneo hilohilo lilikuwa na chuma chake. Warongo, mafundi wa kuyeyusha na kufua chuma waliojulikana katika nchi ya Wazinza na pembezoni mwake, walitengeneza majembe yaliyosafiri mbali hadi kwa Wanyamwezi, ambako jembe lilikuwa zana ya shamba na pia sehemu ya mahari. Kazi yao ilihitaji mawe yenye chuma, makaa ya miti na vyungu vya mivuo, na ilikuwa na miiko mingi ambayo wanahistoria na wanaakiolojia, hasa Peter Schmidt, wameieleza kwa kirefu. Kwa hiyo wazo la kwamba chuma kinaweza kulegezwa kwa moto, kukunjwa na kukazwa tena lilikuwapo Uzinza muda mrefu kabla ya gari la kwanza kufika, ingawa chuma cha springi, kama itakavyoonekana, kina tabia ambayo jembe halina.

Jambo moja liliitofautisha Biharamulo na nchi nyingine ambako gari la injini lilirithi nafasi ya mkokoteni. Mapori yake yalijaa mbung'o, wadudu wanaoeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo, na ng'ombe wa kukokota hawakuweza kuishi kwa usalama katika njia nyingi za wilaya. Mzigo ukatoka kichwani ukaenda moja kwa moja kwenye lori, bila kupitia kipindi kirefu cha magurudumu ya mbao ambacho kingewazoesha wenyeji hesabu ya ekseli na uzito. Wajerumani walijenga boma lao Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, majeshi ya Ubelgiji yakalichukua eneo hilo katikati ya 1916, na baada ya vita Waingereza wakaunganisha Bugufi, iliyokuwa sehemu ya Burundi, na Tanganyika. Katika mabadiliko yote hayo wapagazi waliendelea kuwa chombo kikuu cha usafiri. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, bidhaa ziliweza kuvushwa ziwani kwa meli hadi bandari ndogo kama Nyamirembe, kisha zikapandishwa kwenye malori kuelekea bara, na hapo ndipo springi ilipoanza kuwa na historia katika wilaya.

Springi iliyofika wakati huo ilikuwa ya majani. Hiyo ni springi inayoundwa kwa vipande kadhaa vya chuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu zaidi kikiwa na ncha zilizokunjwa kuwa matundu ya kufungia kwenye chesisi, na vingine vikifupika hatua kwa hatua, vyote vikibanwa katikati kwa bolti moja na kushikwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la herufi U. Asili yake ni magari ya farasi ya Ulaya: mwaka 1804 Obadiah Elliott wa London alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya kuweka gari juu ya springi za namna hiyo, na kanuni inayoitawala ilikuwa imechapishwa mwaka 1678 na Robert Hooke, kwamba chuma kinachonyumbuka hujipinda kwa kiasi kinacholingana na nguvu inayokikandamiza. Mzigo ukiongezeka maradufu, mshuko nao huongezeka maradufu, mradi chuma hakijavuka mpaka wake.

Mpaka huo ndio kiini cha suala zima. Chuma cha springi hupashwa moto kiwandani hadi kiwe chekundu, huzamishwa katika mafuta ili kikakamae, kisha hupashwa tena kwa joto dogo zaidi ili kipunguze wepesi wa kuvunjika bila kupoteza uwezo wa kurudi katika umbo lake. Kikikandamizwa ndani ya mpaka, hurudi. Kikikandamizwa kupita mpaka, hata mara moja kwenye shimo kubwa, sehemu ndogo ya mpindo hubaki. Na kikiachwa chini ya mzigo mzito kwa miaka, hupoteza upinde wake kidogo kidogo hata kama hakijapigwa na shimo lolote. Kwa sababu hiyo gari linalolala nje ya ghala usiku kucha likiwa limepakiwa, likisubiri alfajiri, linachosha springi zake bila kutembea. Ni kosa dogo lililoenea sana, na huenda limelaza magari mengi kuliko mashimo yenyewe, kwa kuwa shimo hulaumiwa na mzigo wa usiku haulaumiwi na mtu.

Gari lililoifanya springi kuwa jambo la kila siku kwa watu wengi lilikuwa Land Rover, iliyoonyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 na kutumiwa na serikali ya Tanganyika, misheni na wafanyabiashara. Waundaji wake walijua kwamba mzigo hauko sawa pande zote, hata wakaweka springi yenye upinde mkubwa zaidi upande wa dereva. Fundi aliyebadilisha springi hizo bila kujua tofauti hiyo aliishia na gari lililoinama upande mmoja, akadhani chesisi imepinda. Baadaye Toyota Land Cruiser ilichukua nafasi hiyo, na familia yake ya mwaka 1984, ambayo Watanzania huita mkonga kutokana na bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele, ilibaki na springi za majani nyuma hata baada ya magari mengine kuziacha.

Kilichobadilisha kiwango cha mizigo katika wilaya hizi kwa namna ambayo hakuna mpango wowote wa barabara ulioitazamia ni matukio ya mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, na katika miezi iliyofuata idadi ya wakimbizi wilayani ilipita 400,000, ikawazidi wenyeji. Kambi kubwa zaidi ilipewa jina la Benaco, kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa imeweka kambi yake mahali hapo, na kwa hiyo jina la wajenzi wa njia likabaki kuwa jina la watu waliokuja kwa njia hiyo. Kambi nyingine, zikiwamo Lumasi na Lukole, zilifuata. Wanyarwanda walirudishwa kwao mwishoni mwa 1996, lakini Lukole iliendelea kuwahifadhi Warundi kwa zaidi ya muongo mmoja.

Hesabu ya chakula peke yake inatosha kuonyesha ukubwa wa mzigo. Mtu mmoja akipewa posho ya takriban nusu kilo kwa siku, watu 400,000 wanahitaji tani 200 kila siku, sawa na malori ishirini ya tani kumi, kabla ya kuhesabu maji, kuni, mahema, dawa na mafuta. Sehemu kubwa ya shehena hiyo ilisafiri kwa reli hadi Isaka, kisha kwa malori kupitia Kahama, Nyakanazi na Lusahunga, na mafundi wa njia nzima wakajifunza springi za malori kwa wingi ambao haukuwahi kuwapo. Hata hivyo kilichoacha alama ya kudumu katika gereji ndogo ni yale magari ya aina ya Land Cruiser yaliyotumiwa na mashirika ya misaada kufika ambako lori halikufika. Pipa la dizeli la lita 200 lina uzito wa karibu kilo 190 pamoja na chuma chake, na mapipa mawili nyuma ya gari, yakiongezwa matairi mawili ya akiba, madumu ya maji na abiria wanane, yanafikisha tani moja bila mtu yeyote kuona kwamba amepakia kupita kiasi, kwa sababu nafasi ndani ya gari haijajaa.

Magari ya namna hiyo hayakuishia katika kazi yaliyonunuliwa. Mashirika na idara za serikali huuza magari yaliyochakaa kwa mnada, na wanunuzi wake ni wafanyabiashara wa mazao, wenye maduka ya vijijini, parokia na shule, ambao huyapakia ndizi, maharage, samaki wa ziwani na mabati. Gari likifika mikononi mwa mmiliki wa pili limekwisha kupoteza upinde wa springi zake, na mmiliki huyo, tofauti na shirika, hana bajeti ya kununua seti mpya. Tatizo lilikua zaidi kwa wale walionunua magari ya starehe, yale yanayoitwa mashangingi. Range Rover ya mwaka 1970 na Land Cruiser iliyotoka mwaka 1990 ziliacha majani na kutumia springi za koili, yaani waya mnene wa chuma uliozungushwa, kwa nia ya kuwapa abiria utulivu. Na wabunifu wa Range Rover walitambua mapema kwamba koili laini hulala upesi chini ya mzigo, wakaweka katikati ya ekseli ya nyuma kifaa maalumu cha kuinua gari chenyewe lilipopakiwa. Kifaa hicho kikiharibika huondolewa tu, na gari hubaki na springi zilizoundwa kwa kutegemea msaada ambao haupo tena.

Dawa ambazo gereji za Biharamulo, Nyakanazi na Ngara zimerithi kutokana na historia hii hazina uzito sawa, na inastahili kuzihukumu moja moja. Ya kwanza na ya kale zaidi ni kupiga springi, ambapo majani hufunguliwa na kupigwa nyundo hadi yarudi kwenye upinde. Yakipigwa baridi, kazi hiyo husaidia kwa miezi kadhaa kisha chuma hurudi kilikokuwa. Yakipashwa moto hadi kuwa mekundu na kuachwa yapoe hewani, yanakuwa mazuri kwa macho lakini yamepoteza ule ukakamavu wa kiwandani na yatalala mapema zaidi. Yakizamishwa majini, hukakamaa kupita kiasi na kupasuka. Ujuzi wa mhunzi, ambao kwa jembe ulitosha kabisa, hapa hauna mafuta ya kuzamishia wala kipimo cha joto la mara ya pili, na ndiyo maana dawa hii imepoteza heshima yake hata kwa mafundi wazee.

Ya pili ni kuongeza jani, na hiyo ndiyo iliyotawala. Jani lililotolewa kwenye lori huingizwa kati ya majani ya gari dogo, bolti ya katikati hubadilishwa kwa ndefu zaidi, na gari husimama siku hiyohiyo. Ubaya wake unatokana na kanuni ambayo haionekani kwa jicho: ukakamavu wa jani hufuata mchemraba wa unene wake, kiasi kwamba jani la milimita 10 ni gumu karibu maradufu ya jani la milimita 8 lenye urefu uleule. Jani nene lililochanganywa na membamba hubeba karibu peke yake, huvunjika kwenye tundu la bolti, na kabla ya kuvunjika hulipeleka kila shindo la barabara kwenye chesisi, ambayo huanza kupasuka karibu na mahali springi inapofungwa. Nyufa hizo huchomelewa, na kuchomelea hudhoofisha chuma cha jirani. Dawa iliyoondoa uchovu wa springi imeuhamishia kwenye fremu ya gari, ambayo haina kipuri.

Dawa zenye busara zaidi ni zile zinazoongeza nguvu pale tu mzigo unapokuwapo. Springi ya msaidizi, ambayo ni jani fupi na nene lililowekwa juu ya seti na lisilogusa kituo chake hadi gari lishuke kiasi fulani, huliacha gari tupu na ulaini wake na kulishika linapopakiwa. Kwa koili, puto la mpira linalojazwa upepo kwa pampu ya tairi huwekwa ndani ya mzunguko wa waya na kufanya kazi ileile. Vipande vya mpira au vya chuma vinavyowekwa juu ya koili, kinyume chake, huinua bodi tu bila kuongeza uwezo wowote wa kubeba. Shokapu nayo, lile bomba lenye mafuta linalotuliza mtikisiko, imeuzwa kwa watu wengi kama dawa ya gari lililolala, ingawa shokapu ya kawaida haibebi uzito na kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka. Seti mpya kamili, iliyochaguliwa kwa uzito unaobebwa kila siku na kubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, pamoja na bushi zake, yaani mipira inayokaa katika matundu ya majani, bado ndiyo njia yenye gharama ndogo kwa mtu anayehesabu kwa mwaka mzima.

Kuna hesabu nyingine inayosahaulika, nayo haihitaji chuma chochote. Katika gari lenye mita 2.7 kati ya ekseli mbili, mzigo wa kilo 300 ukiwekwa mita 0.9 nyuma ya ekseli ya nyuma, kama inavyotokea unapofungwa kwenye mlango au kwenye bampa, ekseli hiyo hupokea kilo 400, kwa kuwa mzigo huinua pua ya gari na kuipunguzia ekseli ya mbele kilo 100. Gari linakuwa jepesi kwenye usukani wakati hasa linapohitaji kushika barabara, na breki za mbele, zenye kazi kubwa kuliko za nyuma, hupoteza uzito unaozisaidia. Mzigo uleule ukisogezwa hadi nyuma ya viti vya mbele hupunguza tatizo kuliko jani lolote la lori.

Uchimbaji wa dhahabu uliifanya hesabu hiyo kuwa kali zaidi. Mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji wilayani Biharamulo mwaka 2005 na ukapita mikononi mwa STAMICO, shirika la madini la serikali, mwaka 2013, lakini mbali na mgodi huo wapo wachimbaji wadogo ambao husafirisha mawe yao kwa magari madogo hadi kwenye mitambo ya kusaga. Mawe yaliyopondwa yana uzito wa takriban maradufu ya mahindi kwa ujazo uleule, kwa hiyo dereva aliyezoea kukadiria mzigo kwa idadi ya magunia hukosea kwa nusu nzima akiwa na uhakika kwamba hajazidisha. Pamoja nao yamekuja magari madogo ya abiria, michomoko, aina ya Probox na Noah, ambayo springi zake zilikadiriwa kwa familia na bidhaa nyepesi za mijini na ambayo hubeba mara mbili ya idadi ya viti.

Springi zilizovunjika hazitupwi. Chuma chake ni bora kuliko nondo au bati, na wahunzi huyageuza majani kuwa mapanga, visu, majembe na patasi, biashara inayoonekana katika masoko mengi ya Tanzania na ambayo katika nchi ya Warongo ina sababu ya ziada ya kutazamwa. Kilichokwisha ni uyeyushaji wa mawe. Ufuaji umebaki, na malighafi yake sasa hufika ikiwa chini ya malori yanayokwenda Rusumo.

Malori hayo yenyewe yamewekewa mipaka. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza tarehe 1 Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa uzito wote wa gari na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na mizani ya barabara kuu imekuwa ikiisimamia kwa faini. Mizani hiyo hupima magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5. Land Cruiser yenye mapipa mawili ya dizeli na mchomoko wenye magunia ya mawe hupita pembeni mwake bila kupimwa, na ukaguzi pekee wa uzito wake hufanywa na fundi, baada ya springi kulala.